"Upepo wa mashariki, mvua": redio ya Tokyo ilitangaza kweli shambulio la Pearl Harbor?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari moja hapa Kigoma mjini. Kwenye kijiwe cha kahawa Ujiji kuna mzee, mpiga simu wa reli mstaafu, anayesisitiza kwamba Wajapani walitangaza shambulio la Pearl Harbor redioni siku chache kabla, ndani ya utabiri wa hali ya hewa, na Wamarekani wakasikia wakanyamaza. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne nao wamelidaka. Je, ni kweli? Msafara mzima wa manowari ulipokeaje amri katikati ya bahari bila kugundulika? Na zile meli za Wajerumani na Waingereza hapa ziwani 1915, nako kulikuwa na mambo ya ishara? Kama kuna zoezi la kufanya darasani nitashukuru.

JIBU: Mwalimu, mzee wako ana nusu ya ukweli kuhusu shambulio la Wajapani kwa Pearl Harbor, bandari ya kijeshi ya Marekani visiwani Hawaii, na hiyo nusu ndiyo inayoufanya uvumi huu usife. Mpango wa kutumia utabiri wa hali ya hewa ulikuwepo, na Wamarekani waliunasa na kuufumbua kabla ya shambulio. Lakini tangazo lenyewe, lile la kuhusu Marekani, halina ushahidi unaosimama kwamba lilisomwa redioni kabla ya tarehe 7 Desemba 1941. Na hata lingesomwa, lisingetaja Pearl Harbor, wala siku, wala saa.

Kabla ya kuingia ndani, tenganisha vitu viwili ambavyo vijiweni huchanganywa kila siku: neno la makubaliano, na maandishi ya fumbo.

Chukua wavuvi wawili wa dagaa pale Kibirizi. Mchana, nchi kavu, wakiwa wao wawili tu, wanapatana: usiku nikifunika karabai mara moja, nimepata dagaa, njoo; nikiizima kabisa, kuna doria, rudi. Usiku ukifika, watu mia wanaweza kuiona taa ikifunikwa na hakuna hata mmoja atakayejua maana yake, awe na akili ya namna gani, kwa sababu maana haimo kwenye taa. Imo kwenye maongezi ya mchana. Hilo ndilo neno la makubaliano. Halivunjwi kwa hesabu. Anayelitaka hana budi kuyasikia maongezi ya mchana.

Maandishi ya fumbo ni kitu kingine. Humo ujumbe wote umo, ila umefunikwa kwa tarakimu au herufi zilizovurugwa kwa kanuni. Mwenye subira, akipata barua za kutosha zilizofunikwa kwa kanuni ileile, anaweza kuufunua.

Sasa tazama walichofanya Tokyo. Tarehe 19 Novemba 1941 Wizara ya Mambo ya Nje ya Japani iliwaandikia mabalozi wake: huenda uhusiano ukafika pabaya na simu za kimataifa zikakatwa. Nchi mwenyeji inaweza kukata waya wa telegramu, lakini haiwezi kuizuia redio ya Tokyo kusikika kwenye masafa mafupi. Kwa hiyo sikilizeni taarifa ya habari ya kila siku ya Kijapani. Mkisikia "upepo wa mashariki, mvua", mambo ni mabaya na Marekani. "Upepo wa kaskazini, mawingu" ni Umoja wa Kisovieti. "Upepo wa magharibi, anga safi" ni Uingereza. Maneno hayo yangesomwa kama utabiri, katikati na mwishoni mwa taarifa, kila sentensi mara mbili, na balozi akiyasikia achome karatasi zote za misimbo.

Ni makubaliano mazuri kabisa, isipokuwa kwa jambo moja: maongezi ya mchana yalipitia redioni, kwa msimbo wa kidiplomasia ambao Wamarekani walikuwa wakiusoma. Tarehe 28 Novemba tafsiri ilikuwa mezani Washington. Kuanzia hapo vituo vya kunasa redio vikatega sikio kwa upepo, na kilichofuata kinajulikana na yeyote aliyewahi kungoja simu muhimu: kila mlio unadhani ndio wenyewe. Tarehe 4 Desemba kilinaswa kitu chenye upepo wa kaskazini na mawingu. Kilikuwa utabiri wa kweli wa Tokyo na wilaya za jirani. Sentensi hazikurudiwa mara mbili, na umbo halikuwa lile lililoagizwa. Kurudia ni sehemu ya ishara, si pambo. Hapo ndipo mtu hutofautisha upepo wa serikali na upepo wa Mungu.

Mwanamaji Laurance Safford, mmoja wa wakubwa wa kitengo cha kunasa mawasiliano, alishikilia baada ya vita kwamba tangazo la mashariki lilipokelewa tarehe 4 Desemba na karatasi zake zikapotezwa. Kamati ya pamoja ya Bunge la Marekani ililichunguza mwaka 1945 na 1946, ikahitimisha kwamba hakuna ujumbe halisi wa upepo uliopokelewa kabla ya shambulio. Kinachojulikana kusikika kwa hakika ni "upepo wa magharibi, anga safi", na hicho kilinaswa mabomu yakiwa yameshaanguka.

Mtazamo wangu ni kwamba ubishi wote huu unakuza kitu kidogo. Ujumbe wa upepo ungesema nini kipya? Tarehe 27 Novemba Washington ilikuwa imempelekea Admirali Kimmel, kamanda wa manowari za Marekani za Pasifiki pale Pearl Harbor, ujumbe uliosema waziwazi kwamba uchukuliwe kuwa onyo la vita. Tarehe 3 Desemba akaambiwa balozi za Japani zimeamriwa kuharibu misimbo yao. Balozi akichoma vitabu vya msimbo, upepo umeshavuma. Kilichokosekana ni "wapi", na hicho hakikuwemo katika upepo wowote.

Tuingie kwenye amri yenyewe. Manowari sita za kubebea ndege, Akagi, Kaga, Soryu, Hiryu, Shokaku na Zuikaku, ziling'oa nanga ghuba ya Hitokappu, visiwa vya Kurili, tarehe 26 Novemba chini ya Admirali Nagumo Chuichi. Ziliondoka kabla uamuzi wa mwisho haujatolewa. Tarehe 2 Desemba zikapokea maneno haya: "Panda mlima Niitaka, 1208." Niitaka uko Taiwan, na enzi hizo ulikuwa mlima mrefu kuliko yote katika himaya ya Japani, mita 3,952, unaupita hata Fuji. 1208 ni mwezi wa 12 tarehe 8, kwa kalenda ya Tokyo. Hawaii, ng'ambo ya mstari wa tarehe, bado ni Jumapili ya tarehe 7. Wanafunzi hujikwaa hapo mara kwa mara.

Tazama jinsi neno lilivyochaguliwa: mlima kwa jeshi la majini. Halina bahari, halina ndege, halina Hawaii. Wajerumani walikuwa na mtindo huohuo. Walipoivamia Urusi 22 Juni 1941, neno la kuendelea lilikuwa "Dortmund" na la kusitisha "Altona", miji miwili tu ya kwao. Jozi ya namna hii ina faida nyingine: maneno hayafanani kwa sauti wala kwa maandishi, hata redio ikikwaruza huwezi kusikia moja ukadhani ni jingine. Na usiku wa 31 Agosti 1939, kikundi cha SS, askari wa chama cha Hitler, kilichojifanya Wapolandi na kuvamia kituo cha redio cha Wajerumani wenyewe pale Gleiwitz kiliondoka, kwa ushahidi wa kiongozi wake Naujocks, kwa simu iliyosema "bibi amefariki".

Anayechagua neno kwa mbwembwe hujiuza. Mwaka 1940 Wajerumani waliuita mtambo mmoja wa kuongozea ndege za mabomu Wotan, jina la mungu wao wa kale. R. V. Jones, mwanasayansi wa ujasusi wa Uingereza, akauliza: huyu Wotan ni nani? Akajibiwa: mungu mwenye jicho moja. Akabuni kwamba mtambo unatumia mwali mmoja wa redio badala ya miwili ya kukatana. Akapatia. Neno zuri la siri ni lile ambalo hata ukilichunguza mwaka mzima linabaki kuwa jina la mlima.

Zilipokeaje? Hapa mzee wako wa reli atakuelewa haraka kuliko wanafunzi. Kupokea hakumuumbui mtu. Kinachoumbua ni kurusha. Kituo cha Tokyo kilirusha matangazo kwa manowari zote kwa pamoja, kikirudia ujumbe uleule kwa saa zilizopangwa na kwa masafa zaidi ya moja, bila kungoja jibu. Kila ujumbe una namba ya mfuatano: ukipata wa 41 na wa 43, unajua wa 42 umekupita, unausubiri katika marudio. Nagumo hakujibu hata mara moja. Meli zilizungumza zenyewe kwa zenyewe kwa bendera mchana na taa ndogo zilizoelekezwa.

Kwa nini uoga wote huu? Weka redio yenye antena ya kuzungushwa Kigoma, na nyingine Tabora. Mtu anarusha ujumbe kutoka pori la Mpanda. Wa Kigoma anazungusha antena mpaka sauti inapofifia kabisa, anapata mwelekeo wa kusini-mashariki. Wa Tabora anapata kusini-magharibi. Chora mistari miwili kwenye ramani: inapokatana, ndipo alipo. Dakika moja ya kurusha yatosha, na hata neno moja la ujumbe huna haja ya kulielewa. Kutoka Kigoma hadi Mpanda ni kama kilomita 230 kwa mstari ulionyooka. Kosa la nyuzi 1 hapo linakupoteza kilomita 4 tu. Kwa kilomita 3,000 za baharini nyuzi 1 ni kilomita 52, na vifaa vya wakati ule vilikosea nyuzi kadhaa. Bado ingetosha kumwambia Kimmel: manowari haziko Japani, ziko kaskazini mwako.

Kunyamaza peke yake nako kunatia shaka, kama mtoto aliyekimya ghafla chumba cha pili. Kwa hiyo baadhi ya wapiga simu wa manowari hizo waliachwa Japani waendelee kupiga kana kwamba meli ziko nyumbani. Waliachwa wao, si watu wengine, kwa sababu kila mpiga Morse, ile alfabeti ya nukta na mistari, ana mkono wake: urefu wa mistari yake, pale anapovuta pumzi. Msikilizaji mzoefu humtambua mtu kwa mkono kama unavyomtambua jirani kwa kikohozi. Juu ya hayo, majina ya wito ya meli, ambayo kwa kawaida yalidumu miezi kama sita, yalibadilishwa 1 Novemba na tena 1 Desemba. Layton, ofisa wa ujasusi wa Kimmel, alipoulizwa tarehe 2 Desemba manowari za ndege ziko wapi, alikiri hajui.

Na msimbo wa jeshi la majini, je? Huu Wamarekani waliuita JN-25, na ndio utakaokufaa darasani, kwa kuwa unafanyika kwa kalamu na karatasi. Unahitaji vitabu viwili. Cha kwanza kinalipa kila neno namba ya tarakimu tano. Kila namba ni lazima igawanyike kwa 3, ili mpokeaji akipata isiyogawanyika ajue kuna tarakimu imeharibika njiani. Cha pili ni jedwali la nyongeza, kurasa kwa kurasa za tarakimu tano tano zisizo na mpango. Mfano:

boti 40326, mbili 17802, zimetoka 66105, Kigoma 93054

Chukua nyongeza nne mfululizo kutoka kitabu cha pili:

58217, 90463, 71948, 26680

Jumlisha kila tarakimu peke yake bila kuweka moja mkononi. Tarakimu ya mwisho ya kundi la kwanza ni 6 na 7, jumla 13: andika 3, ile 1 itupe. Unapata:

98533, 07265, 37043, 19634

Hizo ndizo zinazorushwa, pamoja na alama iliyofichwa ya kumwambia mpokeaji aanzie ukurasa upi na mstari upi. Yeye anatoa: 9 toa 5, 4; 8 toa 8, 0; 5 toa 2, 3; 3 toa 1, 2; 3 toa 7 haiwezekani, aifanye 13, inabaki 6. Hiyo 40326, jumla ya tarakimu zake ni 15, inagawanyika kwa 3, mambo sawa. Afungue kitabu: boti.

Ubovu uko wapi? Kwenye ile 3. Jeshi likitumia ukurasa uleule wa nyongeza mara nyingi, adui anaweza kuzipanga barua tano ambazo makundi yake yamefunikwa na nyongeza moja. Anabuni nyongeza, anaitoa kwenye yote matano. Nyongeza ya uongo itatoa namba inayogawanyika kwa 3 mara moja katika tatu. Kwa makundi matano kwa mpigo, mara moja tu katika 243. Kwa hiyo matano yote yakigawanyika, karibu hana shaka tena. Kinga iliyowekwa dhidi ya makosa ya redio ndiyo iliyomshika mkono mwizi. Hata hivyo Desemba 1941 Wamarekani walikuwa wamefumbua sehemu ndogo tu, na tarehe 4 Desemba jedwali la nyongeza likabadilishwa. Na wangesoma nini? Amri za kina za shambulio zilitolewa mkononi, kwenye karatasi, kabla ya safari. Redioni ulibaki mlima tu.

Miezi sita baadaye ubao ukageuka. Barua za Wajapani zilitaja shabaha iitwayo AF, na wafumbuaji wa Kimarekani Hawaii walishuku ni kisiwa chao cha Midway. Wakakiambia kisiwa, kwa waya wa chini ya bahari usionaswa, kitangaze redioni kwa lugha ya wazi kwamba mtambo wa kusafisha maji umeharibika. Haukuchukua muda, Wajapani wakaarifiana kwamba AF ina uhaba wa maji. Ni kama kumfanya mvuvi ayarudie maongezi ya mchana mbele yako.

Sasa nikuonyeshe kwa karibu ishara iliyoharibika, kwa kuwa wanafunzi hupenda kudhani Wajapani hawakukosea. Turudi Pearl Harbor. Wimbi la kwanza la shambulio lilikuwa na ndege 183: 40 za topido (mabomu yanayokwenda ndani ya maji), 49 za kuangusha mabomu kwa usawa, 51 za kupiga mbizi na 43 za kivita. Kulikuwa na mipango miwili. Adui akiwa usingizini, za topido zitangulie, kwa sababu zinaruka chini sana na zinahitaji kuona meli. Moshi ukishafuka, zimepofuka. Adui akiwa macho, za kupiga mbizi zitangulie kuyanyamazisha mizinga, topido zifuate. Kiongozi, Fuchida Mitsuo, angechagua kwa bastola ya fataki: fataki moja ni usingizi, mbili ni macho.

Kama saa 1:40 asubuhi, saa za Hawaii, akafyatua moja. Kundi moja la ndege za kivita halikuonyesha dalili ya kuiona. Akafyatua nyingine kwa ajili yao. Takahashi, kiongozi wa ndege za kupiga mbizi, alikuwa ameiona ya kwanza. Sasa akaona ya pili. Moja na moja ni mbili. Akashuka na ndege zake, na Murata wa topido, alipoona wenzake wanaenda, akaharakisha. Wote wakaingia karibu kwa wakati mmoja.

Kosa si la Fuchida peke yake. Ishara ya kuhesabu ina kilema cha kuzaliwa: ukiirudia kwa asiyeiona, kwa aliyeiona imegeuka nyingine. Rangi mbili tofauti zingeponya tatizo lote. Nyekundu ukiirudia mara kumi inabaki nyekundu. Wale wavuvi wa Kibirizi ndiyo maana nimewapa kufunika na kuzima, sikuwapa kufunika mara moja na mara mbili. Siku ile kosa halikuwagharimu Wajapani sana, kwa kuwa usingizi wa chini ulikuwa mzito kweli.

Saa 1:49 Fuchida akarusha amri ya kushambulia, silabi "to" ikirudiwa, mwanzo wa neno la Kijapani la kushambulia. Saa 1:53, kabla bomu halijaanguka bandarini, akarusha "tora, tora, tora": tumewashtukiza. Kwa Kijapani tora ni simbamarara, lakini silabi zinasemekana kufupisha maneno ya kushambulia kwa topido. Mpe mzee wa reli hii akupigie mezani kwa kijiko. Katika Morse ya Kijapani "to" ni nukta mbili, mstari, nukta mbili. "Ra" ni nukta tatu. Kwa Morse aliyojifunza yeye relini, nukta tatu ni herufi S, na ile ya kwanza haimo kabisa katika herufi 26 za Kiingereza. Ndiyo sababu jeshi la majini la Marekani lililazimika kufundisha watu 176 Morse ya Kijapani, darasa likiwa juu ya paa la jengo lao Washington. Ishara ile fupi, yenye sauti chache za kukosewa, ilisikika mpaka kwenye manowari ya Yamamoto, mkuu wa manowari za Japani, huko kwao Japani, zaidi ya kilomita 6,000. Kwa saa za Kigoma za leo ilikuwa saa 3:23 usiku.

Upande wa pili, wa Wamarekani, nitapita haraka. Ishara zilikuwepo, tena zisizohitaji kufumbuliwa. Saa 12:45 asubuhi manowari Ward ilizamisha nyambizi ndogo mlangoni mwa bandari na kuripoti. Ripoti ikakaa ikihakikishwa. Saa 1:02 rada ya Opana iliona kundi kubwa la ndege umbali wa zaidi ya kilomita 200, ofisa wa zamu akadhani ni ndege za mabomu za Marekani, B-17, zilizotarajiwa kutoka California. Redio ya Honolulu ilikuwa imecheza muziki usiku kucha kuziongoza ndege hizohizo, na Fuchida akaupokea muziki uleule na kuufuata mpaka kisiwani. Washington nayo ilikuwa imesoma barua ndefu ya sehemu 14 ya Tokyo kwa balozi wake, na agizo kwamba ikabidhiwe kwa Marekani saa 7:00 mchana saa za Washington, ambayo Hawaii ni saa 1:30 asubuhi. Jenerali Marshall, mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani, akaandika onyo. Redio ya jeshi siku hiyo ilikuwa haifiki Honolulu, onyo likapelekwa kama telegramu ya kibiashara bila alama ya haraka. Lilifika mjini saa 1:33. Kijana wa pikipiki akalifikisha makao makuu saa 5:45, mabomu yakiwa yameshanyamaza, na bado lilikuwa halijafumbuliwa.

Kwa darasa, fanya hivi. Kitabu cha maneno 50 kinatosha; mwanafunzi ahakikishe tarakimu zake zinajumlika kuwa 3, 6, 9, 12 na kuendelea kwa tatu tatu. Jedwali la nyongeza lisitoke kichwani, kwa sababu mtu anayebuni tarakimu hukwepa kurudia, hawezi kuandika 66 bila kuona haya. Weka vikaratasi 0 hadi 9 kwenye kopo, chomoa, andika, rudisha, tikisa. Makundi 100 ni kuchomoa mara 500. Wagawie vikosi vitano. Kosa utakaloliona zaidi ni kuweka moja mkononi, mazoea ya shule ya msingi, na la pili ni kuanzia mstari usio sahihi wa jedwali. La pili hujitambulisha: makundi mengi yanakataa kugawanyika kwa 3. Likikataa moja tu katikati ya mengi mazuri, ni tarakimu iliyosikika vibaya; aombe lirudiwe hilo peke yake. Tahadharisha pia kwamba, baada ya kutoa, tarakimu iliyopishana na ya kweli kwa 3, 6 au 9 kinga hii haiioni.

Ziwani Tanganyika, mambo yalikuwa ya zamani zaidi. Waingereza walivuta boti mbili ndogo za mita 12, Mimi na Toutou, kwa reli kutoka Cape Town kisha porini Kongo, wakazishusha majini upande wa Kalemie Desemba 1915. Siri yao haikuwa msimbo, ilikuwa kutoonekana. Tarehe 26 Desemba meli ya Kijerumani Kingani ilitoka doria. Mzinga wake ulipiga mbele tu, boti zikaizunguka kwa nyuma, na ikatekwa kwa dakika kama 11. Kigoma wakangoja. Kutorudi kwa Kingani ndiyo ilikuwa ishara pekee waliyopata, na kimya hakina kitabu cha kukifumbua: dhoruba, mashine, mizinga ya ufukweni, vyote husikika vilevile. Hawakujua kwa hakika imepatwa na nini. Siku 45 baadaye, 9 Februari 1916, Hedwig von Wissmann ilikuwa ikipeleleza upande uleule, ikakutana na adui aliyekuwa na Kingani yenyewe, sasa ikiitwa Fifi na ikipeperusha bendera ya Uingereza. Ikazamishwa. Götzen, ambayo wanafunzi wako wanaijua kwa jina la Liemba, ikabaki peke yake mpaka Wajerumani wenyewe walipoizamisha tarehe 26 Julai, siku mbili kabla Wabelgiji hawajaingia Kigoma.